Dakika Mbili za Volti Kumi na Mbili

Walimwita Bubu, na bubu hakuwa. Jina alilipata wiki ya kwanza alipohamia kwa mjomba wake, akiwa binti wa miaka kumi na tisa, siku chache baada ya kumzika mama yake. Mjomba alimuuliza mezani kama anajua kusoma mita ya umeme, naye akachelewa kujibu kwa sababu alikuwa na tonge mdomoni. "Basi tumeletewa bubu," mjomba akasema, na wateja wawili waliokuwa wamekaribishwa chakula wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Jina likaganda. Miaka mingi baadaye, alipokuwa fundi ambaye watu walimfuata na pampu zao kutoka mitaa ya mbali, bado walisimama mlangoni wakauliza, "Bubu yupo?" naye akaitika.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mjomba. Ndani yake mlikuwa na meza mbili ndefu zenye madoa ya risasi ya kulehemu, misumari ukutani iliyoning'inizwa koili za feni na za mashine za kusaga, na harufu ya vanishi ya waya iliyopenya mpaka kwenye mito ya kulalia. Kazi ilikuwa kusuka mota zilizoungua: unatoa waya wa zamani, unahesabu mizunguko, unasuka mpya, unapaka vanishi, unapima. Mjomba aliijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote katika mji ule. Hakuna aliyebisha. Hata waliomchukia walimpelekea mota zao, wakamchukia wakiwa njiani kurudi.

Ufundishaji wake ndio uliokuwa na sumu. Hakusema "usifanye hivi". Ukiunga waya vibaya, alikaa juu ya stuli yake, mikono kifuani, akakuacha umalize. Ufunge skrubu zote, upanguse meza, uchomeke kwenye umeme. Moshi ulipotoka ndipo aliposhuka, polepole, kama mtu aliyengojea chai yake ichemke. "Maneno husahaulika," alizoea kusema. "Harufu haisahauliki." Wanafunzi wengine walikuja wakakimbia. Bubu hakuwa na pa kukimbilia.

Mtaani mjomba aliitwa Fyuzi, lakini kwa kisogo tu. Mbele yake alikuwa Mwalimu. Mkewe alikuwa mpishi katika jiko la hospitali, mwanamke mnene, mpole, ambaye mikono yake ilinuka kitunguu kama ile ya mumewe ilivyonuka vanishi. Huyo mkaza mjomba ndiye pekee ambaye hakulitumia lile jina. Yeye alisema "mwanangu", na Bubu naye akamwita mama, na katika nyumba ile maneno hayo mawili ndiyo yaliyokuwa mto wa kulalia.

Mjomba alikuwa na starehe moja. Nyuma ya klabu ya michezo iliyokuwa imefungwa kulikuwa na bwawa la kuogelea ambalo hakuna aliyeogelea tena. Kila Jumamosi alasiri watu kumi na watano hivi, kinyozi, nesi, mlinzi wa stoo, fundi viatu na wengine, walikutana pale na boti za mfano walizojitengenezea wenyewe, zenye urefu wa mkono, na ndani yake mota ndogo za umeme. Katikati ya bwawa mjomba alisimika nguzo ya chuma. Boti ilifungwa kwa uzi mrefu kwenye nguzo ile, ikaachiliwa izunguke kama mbuzi aliyefungwa kambani, moja moja kwa zamu, na aliyekaa ukingoni alihesabu mizunguko. Mjomba ndiye aliyekuwa mwamuzi, mwalimu, na mwenye sheria.

Sheria iliyoogopwa ilikuwa moja. Boti iliyoishiwa betri ilivutwa kwa upondo mrefu wenye ndoano, na hapakuwa na aibu. Lakini boti iliyounguza mota, mwenyewe aliingia majini kuifuata, na nguo zake alizovaa. Karibu na nguzo maji yalifika kifuani. Yalikuwa ya kijani, na ngazi zake ziliteleza kama sabuni. Watu waliingia wakicheka ili wasionekane wanalia. Kinyozi, ambaye alikuwa na mzaha kwa kila jambo, aliingia mara tatu, akasema kwamba sasa amebatizwa vya kutosha na anangoja kupewa parokia.

Bubu alijenga boti yake ya kwanza akiwa na miaka ishirini na mitatu. Bodi ya boti alichongewa na seremala mmoja kijana aliyekuwa na duka lake mtaa wa pili. Seremala huyo aliichonga kwa wiki mbili kazi ambayo ingechukua siku mbili, kwa sababu kila jioni Bubu alikwenda kuitazama imefika wapi. Mwisho wa wiki hizo mbili alimwambia kwamba angependa kuja kwao na mama yake. Bubu akamweleza mkaza mjomba, mkaza mjomba akamweleza mumewe, na mumewe akasema vizuri, waje Jumamosi, lakini waje moja kwa moja bwawani, wamwone binti akiwa katika kazi yake. Lilikuwa jambo la ajabu, lakini lilisikika kama sifa, na mjomba hakuwa mtu wa kutoa sifa, kwa hiyo lilipokelewa kwa furaha.

Alhamisi ya wiki ile Bubu aliunga betri zake mezani mbele ya mjomba. Mota yake ilikuwa ya volti sita, na alikuwa na pakiti mbili za betri, kila moja volti sita. Pakiti mbili zina njia mbili za kushikana. Ukiunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zimekaa sambamba, kama ng'ombe wawili ndani ya nira moja: volti hubaki sita zile zile, lakini mzigo wanagawana, basi hudumu muda mara mbili. Ukiunga hasi ya moja kwa chanya ya nyingine, zimekaa kwa mfuatano, moja imempanda mwenzake mabegani: volti hujumlishwa zikawa kumi na mbili. Mota hukimbia karibu mara mbili. Lakini pangaboi linalosukuma maji kwa kasi mara mbili ni zito kupita kiasi, mota huvuta umeme kama mlevi anavyovuta kikombe, waya hupata moto, vanishi huyeyuka, na waya zikigusana ndani mota imekufa.

Hayo yote Bubu aliyajua baadaye. Alhamisi ile alijua tu kwamba betri mbili ni bora kuliko moja. Aliziunga kwa mfuatano, akalehemu vizuri sana, risasi ikang'aa kama tone la maji. Mjomba alikuwa kwenye stuli. Alishuka, akakiinua kile kiungo, akakigeuza kwenye mwanga.

"Iko sawa, mjomba?"

"Safi," alisema. "Mkono wako umetulia."

Lilikuwa neno la kwanza zuri alilowahi kumwambia. Usiku ule binti hakupata usingizi kwa furaha.

Jumamosi seremala alikuja na mama yake, mwanamke mrefu aliyevaa vizuri, wakapewa viti viwili ukingoni, karibu na mkaza mjomba. Bubu alikuwa amevaa gauni lake moja la heshima, jeupe, aliloshonewa kwa ajili ya siku ile. Boti ilipoachiliwa ilipaa juu ya maji, watu wakapiga makofi, na seremala akasimama. Baada ya mizunguko isiyofika thelathini ilianza kutoa sauti kama mtu anayesaga meno. Kisha moshi mwembamba, kisha kimya.

Watu waligeuka kumtazama mwamuzi. Nesi, ambaye alikuwa mwanamke asiyeogopa, alisema kwamba leo kuna wageni, basi sheria ilale. Mjomba akasema kwamba sheria inayolala wageni wakija ni desturi tu, siyo sheria.

Bubu akaingia. Gauni lile lilipolowa lilimganda mwilini, likaonyesha kila kitu, na alipofika kwenye nguzo lilikuwa na rangi ya kijani mpaka kifuani. Alirudi ameibeba boti juu ya kichwa ili isilowe zaidi, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote tena. Aliposimama kwenye saruji, maji yakimchuruzika, mjomba alimzuia kwa mkono kabla hajafika kwenye khanga aliyokuwa amenyooshewa na mkaza mjomba.

"Umejifunza nini?"

Alikamua pindo la gauni.

"Wageni wanangoja. Umejifunza nini?"

"Volti zinajumlishwa," alisema.

"Wapi?"

"Kwenye mfuatano."

"Sauti. Nyuma hawakusikia."

Akarudia kwa sauti. Baadhi ya watu walicheka, na si kwa ubaya. Walicheka kwa sababu siku hiyo hawakuwa wao. Mama wa seremala alikunja pochi yake, akamwambia mwanawe kwamba jua linazama na njia ni ndefu. Seremala akamfuata. Wiki iliyofuata duka lake lilikuwa na foleni ya kazi kila Bubu alipopita, na mwaka ule haujaisha akaoa mahali pengine. Mkaza mjomba alimuuliza mumewe mara moja tu, jikoni, kama siku ile ya Alhamisi hakuwa ameona kosa. Akajibu kwamba aliliona kabla risasi haijapoa.

Bubu alikuwa chumba cha pili, akasikia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga wamesema, lakini mshindo wa Bubu ulichukua miaka kumi na minne kufika.

Katika miaka hiyo alifanya kazi. Alisuka mota nyingi kuliko mjomba, na mwishowe vizuri kuliko mjomba, ingawa hilo halikutamkwa. Hakuunguza mota tena hata moja. Wachumba hawakuja, mmoja aliyekaribia, kinyozi alimhadithia habari za bwawa kama kichekesho, na mpaka leo kinyozi hajui amefanya nini. Jumamosi alikwenda bwawani kama kawaida, akahesabu mizunguko, akawatazama wengine wakiingia majini.

Halafu macho ya mjomba yakaanza kuingia ukungu.

Wa kwanza kujua alikuwa Bubu, kwa sababu mjomba alianza kusema "nisomee hii" kama bwana mkubwa aliyechoka, akimpa mita huku akitazama pembeni. Kisha akaanza kumuuliza rangi. Alikuwa anauliza kwa hila: "Huu mwekundu umeupeleka wapi?" ili Bubu akisema "mwekundu ni ule wa kushoto" yeye apate jibu bila kuomba. Mtoto wa jicho alikuwa ameota katika macho yote mawili. Mkaza mjomba aliziona mboni zile zikigeuka rangi ya uji, akaenda kuzungumza na watu wa kliniki ya macho palepale hospitalini anakopika, wakamwambia ni upasuaji mdogo, mtu anaingia asubuhi na kutoka mchana. Mjomba akakataa. Alisema jicho lake halichezewi na kisu cha mtu aliyejifunza juzi.

"Mwanangu, zungumza naye wewe," mkaza mjomba alimwambia Bubu. "Mimi mkewe hanisikii. Wewe anakutegemea."

Bubu akasema atazungumza naye. Hakuzungumza. Kila siku aliyomsomea mita, kila rangi aliyomtajia, aliona jinsi mzee yule alivyomgeukia kwa shingo iliyonyooshwa kidogo, kama kuku anayengoja punje, na ndani yake kitu kikapoa. Kwa miaka miwili alikuwa macho ya mjomba, na katika miaka hiyo miwili hakumdanganya hata mara moja. Alimsomea tarakimu kama zilivyo. Baadaye watu waliposema kwamba alipanga, hilo ndilo lililowachanganya, maana hakuwa amepanga. Alikuwa amengoja tu, bila hata kujua anangoja.

Shindano la mwaka lilikuwa la mbio ndefu: dakika ishirini, boti yenye mizunguko mingi ndiyo mshindi. Mjomba alikuwa hajashindana kwa muda mrefu, alikuwa mwamuzi. Lakini kinyozi, akimnyoa ndevu wiki moja kabla, alimtania kwamba waamuzi wote ni wachezaji waliozeeka wakaona haya kusema. Mzee akaondoka na povu la sabuni shingoni. Akatangaza kwamba atashindana, na nesi ndiye atakayeamua.

Boti yake aliitoa juu ya kabati mwenyewe. Akaifuta vumbi kwa viganja, akaipaka mafuta, akabadilisha kaboni za mota kwa kupapasa. Hakutaka kusaidiwa, na Bubu hakujitolea. Ilibaki kuunga betri. Katika droo alikuwa na viungo viwili vya waya alivyovitengeneza zamani, vinafanana kama mapacha: kimoja cha kuunga pakiti sambamba, kimefungwa utepe wa bluu nzito, kingine cha mfuatano, kimefungwa utepe mweusi. Kwa jicho zima tofauti ilikuwa wazi. Kwa jicho lenye ukungu, bluu na nyeusi ni ndugu wa tumbo moja.

Ilikuwa asubuhi ya shindano, karakana ina jua, redio ya jirani inasoma habari. Mjomba alitia mkono ndani ya droo, akatoa kimoja, akakisogeza puani, akakigeuza. Bubu alikuwa meza ya pili, anasuka koili ya feni. Aliona utepe mweusi kutoka pale alipokaa.

"Hiki ndicho cha sambamba?"

Bubu alikuwa amehesabu mizunguko arobaini na mbili. Akazungusha wa arobaini na tatu.

"Ndiyo, mjomba."

"Una hakika?"

"Iko sawa."

Mzee akachomeka, akafunga kifuniko cha boti, akakaza skrubu nne, moja moja, akizitafuta kwa ncha ya kidole. Kila skrubu ilichukua muda. Kila skrubu ilikuwa nafasi ya kusema, na Bubu aliziona zote nne zikipita.

Alasiri bwawani kulikuwa na watu kuliko siku zote, maana habari kwamba Fyuzi anashindana ilikuwa imeenea. Zamu yake ilipofika, mlinzi wa stoo alimshikia uzi, nesi akainua saa. Boti ikaachiliwa.

Haikuondoka kama boti za mbio ndefu zinavyoondoka, taratibu, kwa kubana nguvu. Iliruka. Pua ilinyanyuka juu ya maji, mkia ukachora duara jeupe, na sauti ya mota ikapanda mpaka ikawa filimbi. Watu walisimama. Kinyozi akapiga mluzi. Mjomba hakuweza kuona boti, lakini aliisikia, na uso wake ukafunguka namna ambayo Bubu hakuwahi kuiona tangu ahamie nyumba ile. Meno yalionekana. Alimshika mkono mtu aliyekuwa karibu naye bila kujua ni nani, naye alikuwa Bubu.

"Unaisikia?" alisema. "Mota niliyoisuka mwenyewe hiyo. Bado ni kijana."

Mtu aliyesuka mota arobaini mwaka mmoja angejua sauti ile ni ya nini. Alijua. Lakini furaha ilimtangulia kwa dakika mbili, na kwa dakika mbili alikuwa mzee mwenye furaha anayeshika mkono wa mpwa wake. Kisha kichwa kikainama kidogo upande, kama mtu anayesikiliza jina lake likitajwa chumba cha pili. Vidole vikalegea. Akaachia mkono.

Moshi ulitoka kwenye kifuniko. Boti ikalala juu ya maji mita chache kutoka kwenye nguzo.

Hapakuwa na aliyecheka mwanzoni. Nesi alishusha saa, akachukua upondo, akasema Mwalimu, mimi ndiye mwamuzi leo, nitaivuta. Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini Bubu alisema kitu, naye kwa kuwa hakuzoea kusema, kila mtu alisikia.

"Sheria ikilala kwa sababu ya mtu, ni desturi tu."

Mzee alivua viatu. Aliviweka sambamba ukingoni, kwa mkono, soksi ndani yake. Akashuka ngazi huku akishika chuma cha pembeni, suruali ikavimba hewa kama puto kisha ikashuka. Alikwenda moja kwa moja mpaka maji yakafika kifuani, kisha akaanza kupapasa, kwa sababu hakujua boti iko wapi. Alikwenda kulia ilhali ipo kushoto. Watu walianza kumwelekeza, huyu kushoto, yule mbele, na sauti zilipopishana mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia akacheka, na cheko likaambukiza kama miayo. Wengi wao walikuwa wameingia bwawa lile na nguo zao. Walikuwa na deni la kicheko la miaka mingi, wakajilipa.

Mjomba aliipata boti, akaigeuza kuja ukingoni. Kwenye ngazi ya pili kutoka juu aliteleza. Hakupiga kelele, kilichosikika kilikuwa mfupa, mkavu, kama kijiti kinachovunjwa kwa goti. Nesi alikuwa majini kabla watu hawajaelewa.

Nyonga ilivunjika. Akalazwa wiki saba. Mkaza mjomba alimhudumia kutoka jikoni kwake, chini ya paa lile lile, na wakati amelazwa akawaambia madaktari wamtengeneze na macho, wasimuulize. Wakayatengeneza, moja kwanza, la pili baada ya wiki tatu. Siku bandeji ya pili ilipotolewa mzee aliomba aletewe boti yake. Bubu ndiye aliyeileta, ndani ya mfuko wa plastiki, haijafunguliwa tangu siku ile.

Aliifungua kitandani kwa bisibisi, na safari hii skrubu alizipata bila kupapasa. Alikitoa kiungo, akautazama utepe. Mkaza mjomba alikuwa kwenye kiti upande wa pili, bado na aproni ya kazini.

"Uliona," mjomba alisema.

"Niliona."

"Kabla ya kuchomeka?"

"Ulipokitoa kwenye droo."

Bubu alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa ameyatamani, kwa kweli. Alitaka kuuona uso ule ukipasuka walau mara moja. Mzee alikilaza kiungo juu ya shuka. Mdomo wake ulitetemeka, na kwa muda Bubu alidhani atalia, kumbe alikuwa anacheka, kwa shida, kwa sababu nyonga ilimuuma.

"Nilimwambia mke wangu sina mrithi," alisema. "Kumbe ninaye."

Bubu alitoka. Alikwenda mpaka mwisho wa korido, akasimama mbele ya beseni la kunawia, akanawa mikono, akanawa tena. Mkaza mjomba alimfuata, akasimama nyuma yake, na hakumgusa.

"Nilikuomba uzungumze naye habari ya macho," alisema. "Miaka miwili. Nikadhani anakukataa kama anavyonikataa mimi. Kumbe hukumwambia?"

"Sikumwambia."

"Ulimngoja aishiwe macho."

Bubu alifunga bomba. Alitaka kumkumbusha gauni jeupe, na seremala, na lile jibu la jikoni. Lakini mama yule hakuhitaji kukumbushwa. Yeye ndiye aliyekuwa amelifua gauni lile mara nne, na madoa yakakataa kutoka.

"Haya, fundi," mkaza mjomba alisema. "Mimi narudi jikoni."

Tangu siku hiyo hakusema "mwanangu" tena. Hakugomba, hakumnyima chakula, hakumsema kwa majirani. Alimwita fundi, kwa heshima zote: fundi, chai iko mezani, fundi, kuna mteja. Walioingia nyumbani mle walidhani binti amepandishwa cheo.

Mjomba hakutembea tena sawasawa. Asubuhi Bubu humsaidia kutoka chumbani mpaka kwenye stuli yake, ambayo sasa imefungiwa mgongo na mito, na hapo hukaa mpaka jioni. Macho yake ni mazima kuliko yalivyokuwa akiwa na miaka hamsini. Anaona uzi wa waya mwembamba kutoka upande wa pili wa chumba. Hana kazi nyingine ila kutazama mikono ya mpwa wake.

Bwawani wanakwenda bado, wachache, na nesi amefuta ile sheria. Bubu hakurudi kule. Kinyozi alimuuliza siku moja kama anajuta, akauliza kwa mzaha kwa sababu hajui namna nyingine ya kuuliza. Bubu alisema kwamba kuanguka kwa mjomba hakumnyimi usingizi. Kinachomnyima usingizi ni alivyomshika mkono.

Kazi inaendelea, maana mota hazikosi kuungua. Bubu akimaliza kuunga, husita kidogo kabla ya kuchomeka, na kutoka kwenye stuli mzee husema, bila kuulizwa, "Iko sawa." Husema kwa sauti ya upole kabisa. Pengine ni kweli. Mara nyingi imekuwa kweli. Bubu huchukua mita, huweka ncha nyekundu hapa na nyeusi pale, na hupima upya waya baada ya waya, na mjomba humtazama akipima, hana haraka.